Leso ya Katikati

Johari wa Mishomoroni ana sheria moja katika kazi yake ya kushona, nayo hutwambia hata tusipomuuliza: mtoto halazwi chini ya maneno. Kazi yenyewe ni mifarishi. Mfarishi ni blanketi la vipande vya leso kuukuu, vilivyounganishwa kimoja kimoja kwa mkono, likatiwa leso nzima katikati ili lipate uzito, kisha likashonewa bafta nyeupe, kile kitambaa chepesi cha pamba, kwa upande wa chini. Kwa jamaa zake Johari hakuna mtoto aliyetoka arobaini bila ya kufunikwa mmoja, na marafiki nao hakuwasahau. Hauzi. Malipo anayoyataka ni sifa, na hizo huzidai bila haya yoyote.

Sasa, leso ina pindo, ina mji, ndio uwanja wake wa katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Huku kwetu mtu hanunui leso bila kusoma jina. Kwa leso unaweza kumshukuru mamako, kumbembeleza mumeo, au kumtukana jirani bila kufungua mdomo. Unajifunga tu, unapita mlangoni pake kama unayekwenda dukani, na jina linasomeka vizuri hapo nyuma. Mwenyewe ataelewa. Ndiyo maana Johari, kabla ya kukata leso yoyote, hulitoa jina kwanza na kuliweka kando. Vipande hivyo vya majina huvishonea vishikio vya sufuria, na jikoni kwake chungu cha mchuzi huepuliwa kwa matusi ya wake wenza waliokwisha kufa zamani.

Fairuz, binamu yake, aliwahi kuionja sheria hiyo. Naye alijaribu kushona mfarishi wake, akaacha jina moja dogo pembeni, wala halikuwa baya, lilikuwa la kumsifu mama. Johari aliuinua mbele ya wanawake kwenye arusi, akalionyesha kwa kidole, akasema kushona si kutia uzi kwenye sindano tu. Tulicheka sote. Fairuz alicheka pamoja nasi, lakini tangu siku hiyo hakushika tena sindano, na Johari alipotaja mifarishi yeye aliangalia simu yake.

Johari ana mwana mmoja, Yasir, afanyaye kazi kwenye yadi ya makontena huko Changamwe. Alitaka amuoe Samiha, binti wa Fairuz. Mambo yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa baina ya mama wawili, limebaki la Yasir kuambiwa tu. Yasir akaja na lake. Alimleta Wardah, msichana wa Kigiriama, binti Thoya wa Kaloleni, karani wa hapo hapo yadini, aliyesilimu na kuchukua jina hilo. Johari hakulia wala hakukataa. Alivuka daraja la Nyali akaenda mjini, akazunguka maduka ya leso asubuhi nzima, akarudi na leso ya zambarau na nyeusi iliyoandikwa HUKUALIKWA UMEJILETA.

Wardah alikaa kwa mama mkwe wake muda kabla ya Yasir kupata nyumba ya kupanga, na muda huo wote Johari alijifunga leso ile. Alipita nayo baina ya jikoni na ua, akainama kuokota vitu ambavyo havikuanguka. Akitoka nje alivaa buibui juu yake, kwa hivyo sisi majirani hatukuiona hata siku moja. Yasir alikuwa kazini, na kabla hajarudi mamake alikuwa ameshaivua. Ilikuwa leso ya kusomwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo aliisoma. Alimwamkia mama mkwe wake kila asubuhi, akafagia ua, akapika, akahamia Changamwe na mumewe.

Kisha Johari akaugua homa ya viungo, ile inayomwacha mtu hawezi hata kukunja vidole. Wardah alikuja kila siku kutoka Changamwe baada ya kazi, akamwosha, akamsuka nywele, akamlisha uji kwa kijiko. Johari alipona akiwa amempenda. Nayasema haya ili usidhani mapenzi yake kwa msichana yule ni ya uongo. Alimpenda kweli, akimsifu kwetu mpaka tukachoka, na leso ile aliisahau. Aliyokuwa akiivaa ilichakaa ikawa tambara la kupangusia jiko. Lakini leso huuzwa mbili mbili, na ya pili ilibaki chini kabisa ya kabati, imekunjwa kama ilivyotoka dukani.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume, akaitwa Aqil. Johari alikuwa ameshaunganisha vipande vya juu, vizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, vyekundu na manjano na buluu ya bahari, na kila jina limeshatolewa. Akasikia kwamba mamake Wardah yuko njiani kutoka Kaloleni na blanketi la dukani. Basi hapo ndipo haraka ilipomwingia, maana hakutaka mjukuu wake afunikwe kwanza na kitu cha dukani. Bafta mpya huwa na wanga na hurowekwa kwanza ili wanga utoke. Hakuiroweka. Alitia mkono chini ya kabati akavuta leso iliyokuwa nzima na nzito, akaitandaza bila miwani, uso wa leso ukiangalia chini, akaipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, akafunga pindo, akaupeleka mfarishi Changamwe.

Jina la leso ya katikati hakuwa na desturi ya kulikata. Mtu mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini, akajibu kwamba huko ndani nani atasoma.

Fairuz ndiye aliyekuwa sababu ya kwenda Changamwe siku ile. Samiha alikuwa ameolewa kwengine na sasa ana mimba, na anautaka mfarishi, tena wa Johari hasa. Fairuz alimeza mate machungu, akaja kuomba. Alisema angependa kwanza auone ule wa Aqil, ampigie picha Samiha achague rangi. Johari alifurahi mpaka akasahau kupiga simu kusema kwamba wanakuja. Njia nzima, gari la kwanza na la pili, aliueleza mshono wa ule mfarishi, na Fairuz aliangalia dirishani.

Wardah aliwafungulia akiwa na unga mikononi. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akawakalisha, akatia birika jikoni. Aqil alikuwa amelala chumbani. Johari hakungoja chai. Alimwambia mkwewe alete ule mfarishi, khalati yake, mamake mdogo Fairuz, amekuja kuuona.

Wardah alisema umefuliwa haujakauka. Fairuz, ambaye macho yake ni makali, akasema kamba iliyoko nje haina kitu. Wardah akasema kumbe basi mtoto ameulalia, wasimwamshe. Johari akaona anaaibishwa mbele ya mgeni. Moyoni alisema msichana huyu ameugawa kwao Kaloleni, au umemchosha akaufanya tandiko la mlangoni. Akainuka, akaingia chumbani mwenyewe, akautoa mfarishi taratibu juu ya mtoto na kuja nao sebuleni.

Kwa juu ulikuwa mzima na rangi zake zote. Fairuz, pamoja na kinyongo chake, alishindwa kuzuia ulimi, akasema mashaallah. Johari akaugeuza ili aonyeshe bandi zake zilivyonyooka kwa upande wa chini, na hapo akaona kiraka. Kilikuwa kipande cha khaki, cha suruali kuukuu ya Yasir, kirefu kama mkono, kimeshonewa katikati ya bafta kwa mishono iliyopanda na kushuka, mingine mirefu, mingine mifupi.

Johari alisema mengi. Alisema mtoto wa darasa la kwanza angeshona vizuri zaidi. Alisema kama bafta imechanika angeambiwa, yeye yuko hai, vidole anavyo. Wardah alijibu kwamba haikuchanika. Johari akauliza basi khaki ya nini, nani alimwambia mfarishi unatiwa khaki. Fairuz alikuwa ameshika simu tayari kwa picha. Johari hakuweza kukubali picha ya kazi yake iende kwa watu na kile kiraka, akatoa mkasi mdogo mkobani akaanza kukata nyuzi.

"Mama, usikifumue," Wardah alisema. "Tafadhali. Kiache kama kilivyo."

"Nikiache kinitie aibu?"

Mishono mibaya hutoka upesi. Johari alikishika kiraka pembe moja akakivuta chote mara moja, akauinua mfarishi kwenye mwanga wa dirisha ili Fairuz aone bafta yenyewe. Bafta ilikuwa imefuliwa na kufuliwa, kama kinavyofuliwa kila kitu cha mtoto, wanga wake ulikwisha kitambo, imebaki nyepesi kama utando wa kitunguu. Na chini yake, pale pale palipokuwa na kiraka, palikuwa na herufi nyeusi.

"Hukualikwa," Fairuz alisoma polepole, kidole kikizifuata. "Umejileta."

Johari aliisoma na yeye. Mwanzo alishangaa tu, kama mtu aliyeona maneno ya mtu mwengine, na akataka kuuliza hii leso imetoka wapi. Kisha akaikumbuka yote, duka alilonunua, ua, namna alivyokuwa akiinama. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Mfarishi ulikuwa bado umeinuliwa mikononi mwake dirishani, na hakupata akili ya kuushusha.

Wardah ndiye aliyeushusha. Aliuchukua, akaukunja maneno ndani, akamwambia Fairuz kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo leso ni yangu, khalati. Mama aliniomba kuukuu ya kutia katikati, nikampa bila kuangalia jina. Kosa langu, si lake."

Fairuz akauliza yeye alikuwa akimvalia nani leso ya namna ile. Wardah akasema jirani mmoja wa zamani, mambo yameshakwisha. Akaenda jikoni kuleta chai.

Sasa hapa ndipo Johari angesema. Nafasi ilikuwepo, nyeupe kabisa, wala hakuna aliyemziba mdomo. Alikaa kitako akaangalia mikono yake. Alijiambia kwamba msichana ameshalimaliza, kwa nini alifufue. Alijiambia kwamba Fairuz akijua, Mishomoroni nzima itajua, na kila mfarishi aliowahi kuutoa utageuzwa na kuangaliwa kwenye mwanga. Chai ikaja na mahamri yaliyokuwa yakisukumwa walipoingia, akanywa.

Fairuz alikuwa amechangamka. Alisema si ajabu, kuna watu leso kwao ni ya kubebea mtoto na kufungia mzigo wa kuni, majina hawayajali. Alisema wa Samiha ataleta leso zake mwenyewe, zilizosomwa, wala Johari asichukue kitu kwa mkwewe.

"Inshallah," Johari alijibu.

Neno lile lilipomtoka alijichukia. Alimwona Wardah akisimama na birika mkononi, akimwongezea Fairuz chai baada ya kutukaniwa kwao ndani ya nyumba yake, naye anasema karibu khalati, ongeza hamri. Na bado Johari hakusema. Fairuz alimgeukia Wardah akaanza kumpa nasaha, kwa ile sauti anayoitumia akitaka kuumiza: amshukuru Mungu kwa mama mkwe aliyempata, maana mwengine, kwa kumwekea mjukuu wake leso ya matusi kitandani, angemrudisha kwao Kaloleni.

"Leso ni yangu, Fairuz," Johari alisema. "Niliinunua mie. Nilimvalia huyu alipoletwa kwangu, siku zote alizokaa, ndani kwa ndani, mtu asione. Huyu ananisitiri tu."

Kikombe cha Fairuz kilibaki njiani. Johari alihisi wepesi, kama aliyetua ndoo kichwani. Alikuwa amejitoa mbele ya mtu asiyejua kufunga mdomo, na kwa mtu kama yeye si jambo dogo. Nitasema kweli, kama yeye mwenyewe alivyokuja kuisema: hata hapo alitaka sifa. Alimgeukia Wardah akitaraji kuona machozi ya shukurani, au tabasamu, au chochote. Wardah alikuwa amefumba macho, na mkono wake ulikuwa umeikaza birika kama inayotaka kumponyoka.

Fairuz hakumaliza chai. Alikumbuka kwamba Samiha anamngoja, akajitanda buibui, akaaga vizuri sana. Hajavuka hata kizingiti cha geti, wakamsikia nje ya dirisha, simu iko mdomoni: "Samiha mwanangu, hebu kaa kitako. Wajua yule mke wa Yasir, kumbe alipoingia mle nyumbani alivaliwa leso? Hukualikwa, umejileta. Wallahi, nimeisoma kwa macho yangu." Sauti ikafifia kuelekea barabarani. Kabla ya magharibi ilikuwa imetufikia sote, simu kwa simu. Mimi niliisikiliza mara mbili, na sijivunii.

Sebuleni Wardah aliweka birika chini.

"Ilipokuwa yangu na yako, mama, ningeweza," alisema. "Nilikuwa nikiijua peke yangu. Mume wangu haijui, mamangu haijui. Nikenda Mishomoroni watu walikuwa wakiniita mke wa Yasir. Sasa nikipita wataniita nani?"

Johari alifungua mdomo kusema kwamba alitaka kumtetea. Aliona namna neno lilivyo jepesi, akaliacha. Alisema lile lililokuwa kweli, kwamba alisahau, wallahi alisahau, hakukusudia kuitia leso ile kwenye kitanda cha mtoto, haikuwemo hata kichwani mwake. Alipolisema alilisikia lenyewe lilivyo. Wardah aliisoma leso ile kila siku mpaka akaijua herufi kwa herufi, na yeye aliyeivaa aliisahau kama mtu anavyosahau alichokula juzi.

"Mimi sikujua kama ulisahau ama ulikusudia," Wardah alisema. "Nilipoufua mara ya kwanza nikaiona, nilikaa nayo kwenye beseni muda mrefu. Nikasema nikikuuliza, utanijibu, na jibu lenyewe huenda nisiliweze. Nikakata suruali ya Yasir nikaziba. Najua nashona vibaya. Nilishona huku nimejifungia ili mtu asiingie."

Johari hakuwa na pa kuweka macho. Palipokuwa na sifa zake zote, kwa miaka yote, sasa aliona mishono ile iliyopanda na kushuka, aliyoicheka mbele ya Fairuz. Aliokota kiraka cha khaki kilichoanguka chini ya meza, akakinyoosha kwenye goti. Akaomba sindano na uzi. Alisema atakirudisha yeye mwenyewe, vizuri, hakitaonekana. Au ataufumua mfarishi wote aitoe leso ile aichome moto, amwachie usiku mmoja tu.

"Uache, mama. Haina haja tena."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali Johari angepata la kujibu. Chumbani Aqil aliamka, baridi ya feni imemfikia baada ya kuondolewa kifuniko chake, akaanza kulia. Wardah aliuchukua mfarishi pale kitini, akaingia nao, na Johari akamfuata mpaka mlangoni, kiraka mkononi, wala hakualikwa kuingia. Wardah alimpapasa mtoto mgongoni mpaka akanyamaza, kisha akamfunika. Mfarishi uliangukia upande wa bafta ukiwa juu, maneno yote wazi, na safari hii hakujali kuugeuza. Aqil alivuta pumzi, akatia kidole mdomoni, akalala chini ya maneno ya bibi yake.